Je, wajua kwa nini Wapuritani, waliopiga vita maigizo, ndio waliowalea waandishi wa kwanza wa Marekani?

Wapuritani walikuwa Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa zaidi kanisa lao. Mwaka 1642 Bunge la Uingereza, ambamo walikuwa na sauti kubwa, lilifunga majumba ya maigizo ya London. Wenzao waliokwisha kuvuka Atlantiki hawakuwa na la kufunga, kwa kuwa hawakujenga hata jumba moja. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilipiga marufuku hata Krismasi: ukikutwa unaisherehekea, faini shilingi 5. Hadithi ya kubuni waliiona ndugu wa uongo. Ajabu ni kwamba ukiitafuta mizizi ya fasihi ya Marekani kwa Kiingereza, mingi inakupeleka kwenye nyumba zao.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba walipenda shule. Ni kweli. Walianzisha Harvard mwaka 1636, wakaleta mtambo wa kuchapa mwaka 1638, na mwaka 1647 wakatunga sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kufundisha kusoma na kuandika, Shetani asipate kuwafungia watu Maandiko. Lakini kujua kusoma hakumfanyi mtu mwandishi. Mimi naona jibu lenye uzito liko kwenye hofu yao.

Wapuritani walishika mafundisho ya John Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16: kabla ya kuumba ulimwengu, Mungu alikwisha kuamua nani ataokoka na nani atapotea. Hukumu hiyo haibadilishwi na sadaka, wala kufunga, wala wema, na orodha ya wateule hakuna aliyeiona. Ungedhani imani ya namna hiyo ingemfanya mtu akunje mikono na kungoja. Ilikuwa kinyume. Matendo hayaokoi, lakini huenda yakawa dalili, na anayetafuta dalili hukesha akijichunguza. Leo nimesali kwa moyo mkavu, maana yake nini? Mtoto amepona homa, je, ni rehema au ni onyo? Maswali hayo yaliingia kwenye shajara usiku baada ya usiku.

Shajara ya Samuel Sewall, hakimu wa Boston, inaanza 1674 na kufika 1729. Humo kuna ibada na mazishi mengi, lakini pia kuna mzee aliyefiwa na mke akienda kumposa mjane mmoja, akiandika hadi bei ya lozi za sukari alizompelekea. Mjane alitaka mchumba mwenye gari la farasi na nywele za bandia. Sewall hakukubali nywele za bandia, na posa ikafa. Aliyeanza kwa kuikagua roho yake akaishia kutupa picha ya mji mzima.

Kisha kulikuwa na ushuhuda, na hapa ndipo naona kiini cha jambo lote. Katika makanisa mengi ya Massachusetts hukupokewa kuwa mshirika kamili, wala kukaribia Meza ya Bwana, kwa kubatizwa tu. Ulisimama mbele ya waumini ukasimulia jinsi neema ilivyokufikia: ulivyoishi gizani, mahubiri yaliyokuchoma, shaka iliyorudi, tumaini lililoanza kuchipuka. Ukisema kwa uhakika kupita kiasi, watashuku kiburi. Ukisitasita mno, watasema bado hujaguswa. Na tangu 1631 wanaume wasio washirika wa kanisa hawakuwa na kura katika koloni hilo. Hadithi ya maisha yako iliamua nafasi yako mbinguni machoni pa majirani, na sauti yako serikalini pia.

Thomas Shepard, mchungaji wa Cambridge ya Massachusetts, aliandika shuhuda za namna hiyo daftarini mwake. Wamo wanafunzi wa Harvard, na wamo wajakazi. Fikiria karne ya 17 mjakazi anaombwa asimulie safari ya ndani ya nafsi yake, na msomi ameketi akinukuu! Sehemu nyingi za dunia wakati huo maisha yaliyoonekana yanastahili kuandikwa yalikuwa ya wafalme na watakatifu.

Kuhusu lugha, waliamini maneno yawe kama kioo safi cha dirisha, yaonyeshe kilicho nje bila kujionyesha yenyewe. Kitabu cha kwanza kilichochapwa katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini, mwaka 1640, kilikuwa tafsiri yao ya Zaburi, na dibaji yake inasema madhabahu ya Mungu haihitaji kung'arishwa na sisi. Beti zake nyingi, tuseme ukweli, zinakwaruza sikio.

Lakini mtindo huo mkavu ukikutana na maisha yenye uchungu, huzaa kitu kingine. Nyumba ya mshairi Mpuritani Anne Bradstreet iliteketea mwezi Julai 1666. Katika shairi lake anamshukuru Mungu kwanza, kwani mali ilikuwa Yake. Halafu anapita kwenye majivu na kutaja vitu: hapa lilikuwa sanduku, pale kasha alilolipenda, na mezani hapo hatakula mgeni tena. Anajikemea, anarudi mbinguni. Kukemea huko kusingetusisimua kama asingetuonyesha kwanza anavyoumia.

Mary Rowlandson ni mfano mkali zaidi. Februari 1676, katika vita baina ya walowezi na wenyeji wa huko wakiongozwa na Metacom, mji wake wa Lancaster ulishambuliwa, akatekwa. Bintiye wa miaka sita alikufa mikononi mwake kwa jeraha. Alikaa utekani wiki 11, akakombolewa kwa pauni 20. Kitabu chake cha 1682 kinataka kuthibitisha jambo moja, kwamba Mungu humrudi ampendaye, na mistari ya Biblia imejaa kila ukurasa. Ila macho yake hayatulii kwenye funzo. Anatuambia nyama ya dubu ilimkolea, na kwamba Metacom mwenyewe alimwomba amshonee mwanawe shati, akamlipa shilingi. Anawaita watekaji wake wapagani na wakatili, kisha anasimulia wema wao bila kujua aufanyeje. Mwishoni, akiwa huru, anakiri kwamba wenzake wakilala yeye hukesha akilia.

Inaaminika kwamba mmoja wa waliopanga herufi za kitabu hicho ni James Printer, mwenyeji wa kabila la Wanipmuc aliyefanya kazi katika mtambo wa Cambridge, na aliyewahi kuandika barua ya wenyeji wakati wa kujadili ukombozi wa Rowlandson. Ninataja hili kwa sababu watu husema fasihi ya Marekani ilianza na Wapuritani, kana kwamba wenyeji waliokuwapo hawakuwa na masimulizi yao.

Mazoea hayo ya kujichunguza yaliishi kuliko imani yenyewe. Benjamin Franklin, aliyezaliwa Boston mwaka 1706, alitengeneza jedwali la fadhila 13 na kuweka alama nyeusi kila alipokosea. Ni ukaguzi uleule wa kila siku, ila sasa anakagua tabia yake bila kuuliza kama ni mteule. Mwandishi Nathaniel Hawthorne alikuwa kilembwe, yaani mzao wa kizazi cha nne, wa John Hathorne, mmoja wa mahakimu wa kesi za Salem, Massachusetts, za 1692, ambamo watu walihukumiwa kifo kwa kudaiwa kuwa wachawi. Sewall, hakimu mwenzake, alisimama kanisani mwaka 1697 toba yake ikisomwa. Hathorne hakutubu hadharani. Mwaka 1850 Hawthorne alichapisha riwaya ya *The Scarlet Letter*, ambamo mchungaji wa Boston ya kale anaficha dhambi yake miaka saba, huku mwanamke aliyeshirikiana naye akiibeba kifuani mbele ya watu, kwa herufi nyekundu aliyolazimishwa kuivaa.

Na yuko mshairi Emily Dickinson wa Amherst, Massachusetts. Akiwa mwanafunzi wa shule ya wasichana ya Mount Holyoke, 1847 hadi 1848, wanafunzi walihimizwa watangaze imani yao. Yeye hakutangaza, wala hakujiunga na kanisa maisha yake yote. Lakini mashairi yake karibu 1,800 mengi yanakwenda kwa mizani ya nyimbo zilezile za ibada alizozisikia utotoni, na yanauliza maswali yaleyale ya kifo na neema ambayo majirani wa Shepard waliyajibu wakiwa wamesimama.