Kwa Nini Matangazo ya Televisheni Yana Kelele Kuliko Tamthilia?

Saa tatu usiku hapa Mwanza, Igoma hadi Nyegezi, sebule nyingi ziko kwenye tamthilia. Mama mkwe ananong'ona siri mlangoni, umeongeza sauti usikose neno, mara linaingia tangazo la sabuni. Mtoto ameshtuka usingizini na rimoti haionekani. Wengi huamini kuna mtu kituoni anayepandisha sauti kusudi. Mara nyingi hayupo.

Kwa miaka mingi mitambo ya utangazaji ilipima kilele tu, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa, na kilele cha tangazo hakikuzidi cha tamthilia. Sikio lina hesabu yake: linaangalia sauti imekaa juu kwa muda gani. Tamthilia ina minong'ono, ina nyayo, ina kimya cha mke aliyenuna, kisha mlango unabamizwa. Kilele ni huo mlango peke yake. Kwenye tangazo, fundi wa studio hupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, halafu huziinua zote hadi karibu na kikomo. Ni kama dagaa wa soko la samaki la Mwaloni wanavyoshindiliwa: gunia ni lile lile, nafasi tupu ndiyo imekwisha. Hapohapo huongezwa nguvu kwenye masafa ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 5,000, ambako sikio la binadamu ni jepesi zaidi. Kelele halali kabisa, kwa kipimo cha zamani.

Ugomvi huu ni wa dunia nzima. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa njia ya kupima sauti kwa jinsi sikio linavyoisikia, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaitumia kuweka kiwango kimoja cha vipindi na matangazo. Marekani ilitunga sheria mwaka huohuo; ikaanza kazi Desemba 2012.

Nyumbani, pekua menyu ya sauti. Televisheni nyingi za sasa zina sehemu ya kusawazisha sauti, ingawa nayo hufifisha muziki mzuri.

Ukitaka kulalamika, anza na kituo chenyewe. Usipojibiwa, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, yenye Kamati ya Maudhui na ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Andika chaneli, tarehe, saa na tangazo lenyewe. "Matangazo yenu yana kelele" haimwonyeshi fundi aanze kupima wapi.