Maumivu ya Tumbo Hayasubiri Janga Lipite

Tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, wengi walitarajia idara za dharura zifurike. Kwa wagonjwa walioshindwa kupumua, ndivyo ilivyokuwa mahali pengi. Wagonjwa wengine, hata hivyo, walipungua ghafla. Nchini Marekani, kati ya tarehe 29 Machi na 25 Aprili mwaka huo, idadi ya waliofika idara za dharura ilishuka kwa asilimia 42 ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka 2019, na maumivu ya tumbo yalikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyopungua zaidi.

Sababu zake zinaeleweka. Watu waliogopa kuambukizwa hospitalini, waliambiwa wasitoke nyumbani, na wengine, kwa nia njema kabisa, hawakutaka kuwaongezea mzigo wahudumu waliokuwa wamezidiwa. Ni kweli pia kwamba baadhi ya maumivu ya tumbo hupoa yenyewe, hata uvimbe mwepesi wa kidole tumbo mara nyingine, kwa hiyo si kila aliyebaki nyumbani alidhurika. Lakini ugonjwa unaohitaji upasuaji haukupungua kwa kasi ile ile waliyopungua wagonjwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyojitokeza kwenye picha za ndani ya mwili zinazopigwa hospitalini.

Kidole tumbo kilichovimba, kikipigwa mapema picha ya CT skani (eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande), huonekana kimenenepa na mafuta yanayokizunguka yameanza kuwa na ukungu. Daktari wa upasuaji hukiondoa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Kisipotibiwa, kadiri saa zinavyopita, ukuta wa kidole tumbo huweza kukosa damu, kufa na kutoboka. Hapo picha hubadilika: kiputo cha hewa huonekana nje ya utumbo, majimaji hutuama kwenye nyonga, na baada ya siku chache hujengeka jipu lenye usaha ambalo huenda likahitaji kutolewa kwa mrija kabla ya upasuaji wowote kufikiriwa. Tafiti za nchi mbalimbali zilionyesha kwamba katika miezi ile, miongoni mwa waliofika na ugonjwa huu, sehemu ya waliokuwa wamefikia hatua hiyo iliongezeka. Ndiyo maana idara yenye foleni fupi isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba watu wana afya njema.

Virusi vyenyewe navyo viligusa tumbo. Baadhi ya wagonjwa walianza kwa kuharisha, kutapika au kuumwa tumbo bila kikohozi, na kwa kuwa picha ya tumbo hunasa pia sehemu ya chini ya mapafu, wako waliogundulika kwa madoa yenye ukungu yaliyoonekana pale, ilhali walikuwa wamepelekwa kupimwa kitu kingine kabisa. Wagonjwa mahututi wachache walipata mabonge ya damu katika mishipa ya utumbo, hali inayoweza kuua sehemu ya utumbo kwa saa chache.

Vyumba vya picha vilifanya kazi polepole zaidi, kwa sababu mashine ilipaswa kusafishwa na hewa kubadilishwa baada ya mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na maambukizi. Baadhi ya hospitali ziliwatibu wenye uvimbe wa kidole tumbo usio na matatizo kwa antibayotiki badala ya upasuaji. Ni njia inayokubalika, ila humtaka mgonjwa afuatiliwe kwa karibu, kwani wengine huishia kufanyiwa upasuaji baadaye.

Kwa hiyo, hata janga likiwa limepamba moto, yapo maumivu ambayo hayapaswi kuuguzwa nyumbani: yanayoanza ghafla na kwa ukali, yanayohamia upande wa kulia chini na kuzidi unapotembea au kukohoa, yanayoambatana na homa, tumbo kukakamaa, kutapika kusikokoma, au kushindwa kupata choo na kutoa hewa, na ya mwanamke anayeweza kuwa mjamzito, hasa akiwa anatokwa damu au anahisi kuzimia. Vaa barakoa, uende. Ukifika, taja saa maumivu yalipoanza, dawa ulizokwisha kumeza na kama una ujauzito, kwa sababu majibu hayo humsaidia daktari kuamua kama uanze na altrasaundi au upelekwe moja kwa moja kwenye CT skani.