Vumbi la galaksi za mbali linavyosomwa kwa mwanga wa supanova

Tarehe 21 Januari 2014, Steve Fossey na wanafunzi wake wa University College London waliona nukta mpya ya mwanga katika galaksi ya M82, takriban miaka ya nuru milioni 12 kutoka kwetu. Ilikuwa supanova ya aina ya Ia, yaani mlipuko wa nyota kibete nyeupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyozeeka), ikaitwa SN 2014J. Lakini ilikuwa hafifu na nyekundu kuliko kawaida ya aina hiyo, kwa sababu mwanga wake ulipenya vumbi zito la M82.

Vumbi hilo hatuwezi kulichota, ila mwanga uliolipenya hutoka na alama yake. Chembe nyingi za vumbi la angani si za mviringo, ni ndefundefu, na usumaku wa galaksi huzipanga zilale upande mmoja. Mawimbi ya mwanga yanayotikisika sambamba na urefu wa chembe huzuiwa zaidi. Yanayokingamana nao hupita kwa wingi. Mwanga unaotokea ng'ambo huwa umepolarishwa, yaani unatikisika zaidi katika mwelekeo mmoja. Mng'ao wa jua juu ya maji nao uko hivyo, ndiyo maana kuna miwani ya jua inayoweza kuukata.

Supanova za Ia zinafaa mno kwa kazi hii. Mwanga wao wenyewe karibu haujapolarishwa kabisa, hivyo tukikuta asilimia kadhaa za mwanga zimepolarishwa, tunajua upolarishaji huo umetoka kwenye vumbi. Kwenye darubini ya VLT huko Paranal, Chile, mche wa kioo hugawa mwanga kuwa taswira mbili, na bamba lililo mbele yake, linalogeuza mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga, huzungushwa kwenye pembe za nyuzi 0, 22.5, 45 na 67.5. Tofauti ya mng'ao kati ya taswira hizo ndiyo kipimo chenyewe. Mchango wa vumbi la galaksi yetu lazima ukadiriwe na kuondolewa.

Kisha hutazamwa ni katika rangi ipi upolarishaji unafikia kilele. Chembe zikiwa ndogo, kilele husogea upande wa buluu. Katika galaksi yetu kwa kawaida huwa karibu na urefu wa wimbi wa nanometa 550, yaani mwanga wa kijani. Kwa SN 2014J, na pia SN 2006X katika galaksi ya M100, kiko chini ya nanometa 400. Kwa hiyo vumbi ambalo mianga hiyo ililipenya lina chembe ndogo kuliko la kwetu.

Kwangu, hapa ndipo penye uzito. Supanova hizi ndizo zilizoonyesha mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na umbali wao hutokana na mng'ao wao baada ya kusahihisha athari za vumbi. Chembe ndogo hukoleza wekundu zaidi kwa kiasi kilekile cha mwanga unaopotea, hivyo ukiisahihisha SN 2006X kwa kanuni ya vumbi la galaksi yetu, utairudishia mwanga mwingi kuliko ule uliopotea, na hesabu itaiweka karibu nasi kuliko ilipo.