Kilichomo Ndani ya Kopo la Aiskrimu

Wazazi wakiniuliza kuhusu aiskrimu, mara nyingi huuliza kama inaleta mafua. Haileti. Mafua huletwa na virusi, na mtoto huvipata kwa mwenzake aliyepiga chafya darasani, si kwenye koni aliyoilamba njiani. Hofu hiyo imetawala kiasi kwamba maswali yenye uzito zaidi hayaulizwi, likiwemo hili: kwa nini kopo la lita moja linakuwa jepesi vile?

Kwenye kikao kimoja na kina mama wa kliniki ya watoto tuliweka mezani makopo mawili ya lita moja moja, ya aina tofauti, pamoja na mizani ya jikoni. La kwanza lilikuwa na gramu 540, la pili 810. Mama mmoja akalinyanyua lile jepesi, akalitikisa, akauliza, "Hili si limepunguzwa?" Halikupunguzwa. Lilikuwa na hewa nyingi. Aiskrimu hupigwapigwa mashineni huku ikigandishwa ili hewa iingie, na bila hewa hiyo ingekuwa jiwe lisiloingia kijiko. Katika aina za bei nafuu hewa hufikia karibu nusu ya ujazo wote. Kwa hiyo ukitaka kujua kopo lipi lina nafuu, linganisha gramu, si lita.

Kinachobaki ukiondoa hewa ni maji, mafuta, sukari na unga wa maziwa. Mafuta yanaweza kuwa ya maziwa yenyewe au ya mawese na nazi. Marekani, kwa mfano, bidhaa haiitwi aiskrimu kisheria mpaka iwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa. Viungo kwenye lebo hupangwa kwa uzito, kilichozidi kikitangulia. Ukiona maji, sukari, kisha mafuta ya mimea, na maziwa yakitajwa mwishoni, umeshajua umenunua nini. Na hapa niseme linaloniudhi: kopo lenye picha ya stroberi nyekundu zinazong'aa, huku pembeni kwa herufi ndogo pameandikwa "ladha ya stroberi". Ladha ya tunda si tunda. Mzazi anayedhani amempa mwanawe matunda amepotoshwa na picha.

Sukari ndiyo ningependa tuiangalie kwa makini. Ulimi uliopoa hauonji utamu vizuri, hivyo watengenezaji huongeza sukari mpaka utamu upenye ile baridi. Jaribu mwenyewe: weka kijiko kimoja kwenye kisosi, kiache kiyeyuke mpaka kisiwe na baridi kabisa, kisha onja. Wengi hukunja uso. Sukari hiyo ina kazi nyingine pia, ya kuzuia mchanganyiko usigande kama barafu, ndiyo maana si rahisi kiwanda kuipunguza tu.

Gramu 100 za aiskrimu ya kawaida ya vanila zina nishati ya kilokalori 200 hivi, mafuta gramu 11 na sukari gramu 21. Kati ya sukari hiyo, gramu 5 au 6 ni ile ya asili ya maziwa, zilizobaki zimeongezwa. Anayemaliza peke yake kopo jepesi la nusu lita amekula takriban vijiko 10 vya chai vya sukari iliyoongezwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 hivi, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Kiwango cha mtoto ni cha chini zaidi, na aliye chini ya miaka 2 hahitaji sukari ya kuongezwa hata kidogo.

Wenye kisukari hushangaa nikiwaambia kwamba aiskrimu haipandishi sukari kwa kasi kama soda, kwa sababu mafuta yake huchelewesha chakula kutoka tumboni. Hiyo si ruhusa ya kula kopo zima. Bonge moja dogo baada ya mlo, likihesabiwa pamoja na wali au ugali wa mlo huo, linawezekana kwa wengi. Lakini sukari ikimshuka mgonjwa ghafla, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, usimpe aiskrimu. Mpe maji ya sukari, juisi au soda ya kawaida. Mafuta yatamchelewesha wakati hana muda wa kusubiri.

Yapo pia matumbo yasiyopatana na maziwa. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, nao hujaa gesi, husokotwa na tumbo au huharisha ndani ya saa chache. Huo si ugonjwa. Utafiti uliofanywa katika jamii za Tanzania, Kenya na Sudan na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wafugaji wetu wengi wana badiliko la vinasaba linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na lile la watu wa Ulaya. Kwa hiyo wanandoa wawili wanaweza kula kopo moja, mmoja akalala usingizi na mwingine akakesha chooni. Maziwa ya mgando huwa nafuu kwa wengi wenye matumbo hayo, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa. Huo ni mwili kupambana na protini ya maziwa. Mtoto huvimba midomo, hutoka vipele, na anaweza kushindwa kupumua hata kwa kulamba kidogo. Huyo apelekwe hospitali mara moja, na asipewe maziwa yaliyoondolewa sukari kwa kudhani yatamfaa. Protini bado imo.

Namba za viungio kwenye lebo, zile zinazoanza na E, huwatisha wengi bila sababu. E407 ni karajenani, uteute unaotokana na mwani mwekundu, mwani wa jamii ileile ambayo kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, hulima baharini na kuuanika juani. Kazi yake ni kuufanya mchanganyiko ushikamane. Muislamu ana haki ya kuuliza zaidi kuhusu jeletini, inayoweza kutokana na nguruwe, na E471, inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama bila lebo kueleza. Hapo alama ya halali inasaidia kuliko kukisia.

Kuhusu lambalamba na barafu za ukwaju au ubuyu zinazogandishwa majumbani, wasiwasi wangu ni maji. Kuganda hakuui vijidudu vyote; vingi hulala tu. Mwaka 1994 huko Marekani, mchanganyiko wa aiskrimu ulisafirishwa kwenye matangi yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi, na inakadiriwa watu 224,000 waliugua kwa bakteria aina ya salmonela. Hicho kilikuwa kiwanda. Sisi wenye ndoo na friji sebuleni tuchemshe maji na maziwa kwanza, tunawe mikono, ndipo tufungashe.

Umeme ukikatika, aiskrimu ikayeyuka ikawa uji, usiirudishe igande. Ukiikuta dukani ina chenga za barafu juu, au imeegemea upande mmoja wa kopo, huenda ilishayeyuka ikagandishwa tena, na hujui ilikaa kwenye joto kwa saa ngapi. Iache palepale kwenye friji, na umwambie mwenye duka ulichokiona.