Kuweka mawasiliano yako kwenye jina la kikoa

Mtu akibadilisha laini ya simu huanza kuwatumia watu ujumbe: "Hii ndiyo namba yangu mpya." Wapo atakaowasahau, na mteja wa zamani ataendelea kupiga namba ambayo baada ya muda hupewa mtu mwingine. Jina la kikoa, yaani anwani ya intaneti kama jinalako.me.tz, huondoa adha hiyo. Unasajili jina moja, unawapa watu jina hilo, kisha unabadilisha namba au barua pepe iliyo nyuma yake kila inapobidi.

Wazo hili lina historia. Mwaka 2000 ICANN, taasisi inayosimamia majina ya intaneti duniani, ilichagua kikoa cha .name kwa ajili ya watu binafsi. Jaribio lililokwenda mbali zaidi lilikuwa .tel, la kampuni ya Telnic ya London, lililofunguliwa kwa watu wote Machi 2009. Mwenye jina la .tel hakuhitaji kujenga tovuti. Mawasiliano yake yaliandikwa ndani ya DNS yenyewe, yaani mfumo ule ule unaogeuza jina la kikoa kuwa anwani ya seva. DNS ina rekodi iitwayo NAPTR, inayoweza kubeba namba ya simu au barua pepe na kueleza ipi ijaribiwe kwanza. Ipo pia LOC, inayobeba latitudo na longitudo, yaani mahali ulipo kwenye ramani. Jibu la DNS ni dogo sana, hivyo hata simu yenye intaneti ya kusuasua hulipata upesi.

Kwa miaka kadhaa Telnic hawakuruhusu jina la .tel lielekezwe kwenye tovuti ya mwenyewe. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2017, wakati ambapo watu wengi walikwisha kuzoea kutafutana kwenye mitandao ya kijamii. Naona hapo tulipoteza kitu. Akaunti ya mtandao wa kijamii ikifungwa, anwani yako imekwenda nayo. Jina la kikoa unaweza kulihamisha kutoka kwa msajili mmoja, yaani kampuni inayokusajilia jina, kwenda kwa mwingine, na wanaokutafuta wasione tofauti yoyote. Kwa sababu hiyo bado nawashauri mafundi, mawakili, wakalimani na wafanyabiashara wadogo wafikirie kusajili jina lao chini ya .me.tz kwa Tanzania au .me.ke kwa Kenya, hata kama litabeba ukurasa mmoja tu wa mawasiliano.

Lakini elewa unachokifanya. DNS haimuulizi mtu yeye ni nani kabla ya kumjibu. Ukiandika namba humo, yeyote duniani anaweza kuisoma kwa amri moja ya kompyuta, na wapo wanaokusanya majibu ya DNS na kuyahifadhi kwa miaka. Kuifuta rekodi leo hakufuti nakala ya jana. Telnic walilijua hilo, ndiyo maana waliruhusu baadhi ya taarifa zifungwe kwa usimbaji ili zisomwe na watu walioidhinishwa na mwenye jina tu. Kwa hiyo usiweke hadharani namba unayopokelea pesa za simu, wala ile benki inayotumia kukutumia msimbo wa uthibitisho. Tafuta laini ya kazi. Ramani iishie kwenye ofisi au duka, isifike nyumbani unakolala na watoto.

Kuna mahali pengine ambapo taarifa zako zinaweza kuonekana bila wewe kukusudia, napo ni kumbukumbu za usajili, maarufu kama WHOIS. Zamani jina, anwani na simu ya mwenye kikoa vilisomwa na kila mtu. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data ilipoanza kutumika Mei 2018, ICANN iliruhusu taarifa hizo zifichwe kwa vikoa vya jumla kama .com. Vikoa vya nchi hufuata sera zake vyenyewe, kwa hiyo muulize msajili wako nini kitaonekana kabla hujalipa. Ni haki yako kuuliza: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022.

Hatari ninayoiona ikipuuzwa zaidi ni jina kuisha muda. Kikoa hukodishwa, kwa kawaida kwa mwaka mmoja au zaidi. Usipolipia, baada ya muda wa nyongeza kupita mtu mwingine anaweza kulisajili. Hapo ataweza kupokea barua pepe zinazotumwa kwenye jina lako, zikiwemo zile za kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine. Wateja wako nao wataendelea kuliamini jina hilo wakidhani wanazungumza nawe.

Ndiyo maana barua pepe unayompa msajili isiwe ndani ya kikoa hicho hicho. Jina likizimwa, anwani hiyo nayo huzimika, na onyo la mwisho la kulipia halitakufikia.