Jua Lilipotulia, Naivasha Ikajaa

Kati ya mwaka 1645 na 1715 madoa ya jua, ambayo kwa kawaida huongezeka na kupungua katika mzunguko wa takriban miaka 11, yalikaribia kutoweka. Wanafalaki wa Ulaya walikuwa na darubini na walilichunguza jua kwa bidii, kwa hiyo uhaba huo hauwezi kudaiwa kuwa ni uzembe wa watazamaji; mwanafalaki John Eddy alilionyesha hilo mwaka 1976, akakipa kipindi hicho jina la Maunder, mwanafalaki aliyemtangulia. Masimulizi mengi kuhusu utulivu huo huishia kwenye Mto Thames ulioganda mwaka 1684. Mimi ninayesoma historia ya hali ya hewa katika matope ya maziwa naona kwamba upo ushahidi ulio karibu nasi zaidi, nao umelala chini ya Ziwa Naivasha.

Upande wa mashariki wa ziwa hilo kuna kasoko ya volkano iliyozama, yenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine, ambamo mashapo yamejipanga tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 1,000. Mtafiti wa maziwa Dirk Verschuren na wenzake waliyasoma mashapo hayo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000. Ukisafisha chembe ya tope la aina hiyo kwa asidi na kuiweka chini ya hadubini, utaona diatomu, yaani mwani wadogo wenye maganda ya silika, na kila spishi ina kiwango chake cha chumvi inachokistahimili. Ziwa likijaa hutawala spishi za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi; likipungua, chumvi hukolea na spishi nyingine hushika nafasi.

Naivasha ilikuwa na maji mengi katika vipindi vitatu vinavyolingana na utulivu wa jua unaoitwa Wolf, Spörer na Maunder, na ukame ukaja takriban 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Utulivu wa kale tunaujua kwa njia ya kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi: usumaku wa jua ukidhoofika, miale ya kosmiki huifikia angahewa kwa wingi zaidi, kaboni hiyo huongezeka, na miti huihifadhi katika pete zake. Ulinganifu huo unavutia, lakini si kamili, kwa sababu utulivu wa Dalton, ulioanza takriban 1790, uliangukia katikati ya ukame wa tatu.

Tahadhari hiyo ina historia katika ukanda wetu. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa C. E. P. Brooks alionyesha kwamba kina cha Ziwa Victoria kilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua, tena madoa yakiwa mengi ndipo maji yalipojaa, kinyume kabisa na Naivasha. Baada ya miaka michache uhusiano huo ulivunjika. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache, wakati madoa yalikuwa yakipungua.

Kwa dunia nzima athari ya mabadiliko haya ya jua ni ndogo. Nishati inayotufikia, takriban wati 1,361 kwa mita ya mraba, hubadilika kwa asilimia 0.1 hivi katika mzunguko mmoja. Miale ya urujuanimno hubadilika zaidi, nayo hugusa ozoni na pepo za juu, na huenda hapo ndipo mikanda ya mvua inaposogezwa. Makadirio yanaonyesha kwamba utulivu kama wa Maunder ukirudi karne hii utapunguza joto kwa nyuzi 0.3 au chini ya hapo, ilhali dunia imekwisha kupata joto la zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaolihusisha furiko la maziwa ya Bonde la Ufa la mwaka 2020 na utulivu wa jua wa Desemba 2019. Mvua za vuli za 2019 zilitokana hasa na Bahari ya Hindi, ambayo upande wake wa magharibi ulikuwa na joto lisilo la kawaida. Tope la Naivasha linazungumzia utulivu wa miongo kadhaa mfululizo, wala halitoi hoja yoyote kuhusu mwaka mmoja au miwili isiyo na madoa.