Atichoki Isiyotoa Tumba: Uliza Chipukizi Lilitoka Wapi

Tangu mvua za Machi zianze, wakulima wa vishamba vya kukodi kutoka Bahati, Lanet na Njoro wamekuwa wakituletea lalamiko lilelile. Walinunua miche ya atichoki, mboga ambayo huliwa tumba lake la ua kabla halijachanua, ikashika vizuri, ikatoa majani makubwa ya rangi ya kijivu, kisha mwaka ukaisha bila tumba hata moja. Wengine wamepata mimea yenye miiba hadi palizi imewashinda. Karibu wote wanaulaumu udongo. Udongo wa Nakuru ni wa volkano, haushikilii maji, na mizizi ya atichoki inaupenda. Shida huanza siku ya kununua mche.

Atichoki ya mbegu haimfuati mama yake. Pakiti moja inaweza kukupa mmea wenye tumba nene, mwingine wenye tumba dogo gumu, na mwingine wenye miiba mitupu. Ndiyo maana Italia, nchi inayoilima kwa wingi, wakulima wamezoea kuizalisha kwa machipukizi, yaani vichipukizi vinavyoota kando ya shina la mmea mkubwa. Mbegu si haramu, wala sisemi usizijaribu: aina iitwayo Green Globe ni ya siku nyingi, na Imperial Star ilizalishwa makusudi ili itoe matumba mwaka uleule iliopandwa. Lakini ukipanda mbegu, ng'oa bila huruma miche dhaifu na yenye miiba. Usimuuzie jirani.

Chipukizi lichukuliwe kwa mmea mama uliokwisha kuzaa, ambao umeyaona matumba yake kwa macho yako. Subiri lifike urefu wa sentimita 20 hadi 30. Fukua udongo kando ya shina, kisha ulikate kwa kisu kikali pamoja na kipande cha tako la mama chenye mizizi. Lisilo na kipande hicho hunyauka. Punguza majani kwa nusu, panda siku hiyohiyo, na usifukie moyo wake, yaani kitovu cha katikati majani mapya yanapotokea. Kabla ya kuhamia mmea mwingine, safisha kisu kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji. Hapa watu hutuona wasumbufu. Virusi vya atichoki hurithiwa kupitia machipukizi, na mmea ulioambukizwa hautibiki.

Nafasi iwe mita 1.2 kila upande. Ploti ya futi hamsini kwa mia inachukua mimea kama 300, si 1,000 kama wanavyodai wauza miche. Mmea mmoja huzaa vizuri miaka minne hadi mitano, kwa hiyo anayekodi shamba la msimu mmoja aandikiane kwanza na mwenye shamba.

Baridi nayo ina kazi yake. Atichoki huhitaji wiki kadhaa za usiku ulioshuka chini ya nyuzi 10 ndipo ifanye tumba. Molo na Mau Narok wanayo baridi hiyo. Nakuru mjini, penye mwinuko wa mita 1,850 hivi, huipata kwa shida kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo panda mapema mvua zikianza ili Julai ikute mmea umekomaa. Ndugu zetu wa Kisumu hutuuliza kila mara, na jibu ni lilelile: kwenye mita 1,100 na ushei, majani mtayaona, lakini matumba yatakuwa ya kubahatisha. Mbolea haileti baridi.

Sasa suala la miche kutoka nje. Kuna wanaoamini kwamba pakiti ndogo mfukoni, au chipukizi moja lililofungwa kwa gazeti, halihitaji kibali. Linahitaji. Mmea wowote, pamoja na mbegu za kupanda, unaoingia Kenya lazima uwe na kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, nacho hutolewa kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Kibali huorodhesha masharti. Masharti hayo hupelekewa mamlaka ya mimea ya nchi inayotuma, wakague, kisha watoe cheti cha afya ya mimea, na cheti halisi kisafiri pamoja na mzigo. Ukifika mpakani, uwe Busia, Malaba au uwanja wa ndege, unautangaza kwa mkaguzi. Miche mingine huamriwa kukaa kwanza karantini, na kituo chetu kiko Muguga. Mzigo usio na kibali huzuiwa, na mkaguzi anaweza kuamuru uharibiwe au urudishwe, kwa gharama ya mwenyewe. Anayeficha anaweza kushtakiwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Mimea, Sura ya 324. Kuomba kibali baada ya mzigo kufika si kuomba kibali, na kumkasirikia mkaguzi hakubadilishi tarehe.

Wapo pia wanaoiogopa atichoki wakisema ni gugu. Hofu hiyo haitoki hewani, kwa kuwa ndugu yake wa porini amevamia nyanda za malisho za Argentina. Kwenye shamba tiba yake ni rahisi: usiache tumba lichanue hadi lipeperushe mbegu. Livune magamba yakiwa bado yamebana, ukiacha kikonyo cha vidole vinne, ukianza na la kati ndipo ya pembeni yanenepe. Tumba lililofunguka halipikiki.

Vidukari hujificha kati ya magamba; maji ya sabuni yanatosha mkiwahi. Shina likimaliza kuzaa, likate hadi chini, weka samadi na matandazo, kisha uache machipukizi matatu au manne yenye nguvu. Yale ya ziada ndiyo ya kupanda kwingine, mradi mama awe mzima. Ukiona majani yana mabaka ya manjano au yamejikunja, usigawie mtu: funga jani hilo kwenye mfuko, andika jina la shamba na tarehe, ulilete tulitazame.